Kuvua kwa mtumbwi Matema: siku moja, saa kwa saa

Jamaa mmoja kazini alinionyesha video ya watu wanaovua kwa kayaki ndani ya kelpu, ule mwani mkubwa wa bahari za baridi unaoota mwambani na kupanda hadi juu ya maji kama msitu. Mvuvi akifika anapopataka hashushi nanga. Anavuta ukanda mmoja mrefu wa mwani, anaulaza mapajani, kayaki inatulia, anaanza kuvua. Jamaa akaniuliza, "Hivi huku kwetu kitu kama hiki hakiwezekani?" Tulikuwa Mbeya mjini, mwezi wa saba, baridi ya kugonganisha meno, na bahari iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Nikamwambia kelpu hatuna, lakini saa chache kutoka hapa kuna ziwa lenye kina cha meta 700 hivi, na watu wanaolivua kwa gogo lililochongwa tangu enzi za babu wa babu zao. Mwezi wa tisa tukateremka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Haya ninayoandika ni kwa mtu kama yeye: wa mjini, anayejua kuogelea, ambaye hajawahi kupanda mtumbwi na anataka kurudi nyumbani na samaki aliyemvua mwenyewe. Nitakueleza mengi, ila yote yamefungwa kwenye jambo moja. Matema mwenye ratiba ni upepo. Saa ya kuamka, upande wa kuelekea, hata aina ya uvuvi wenyewe, vyote vimepangwa ili ikifika saa 5 asubuhi uwe umeshatoka majini.

Chagua mwezi kwanza, ndoano baadaye

Ziwa Nyasa ni refu na jembamba, zaidi ya kilomita 550 toka kusini hadi kaskazini, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Upepo wa kusini, ambao kwenye ziwa hili unaitwa mwera, ukianza huko chini unasukuma maji njia nzima, na mawimbi yanazidi kukua kadiri yanavyosafiri. Sisi ndio tunaoyapokea yakiwa yamekomaa. Mei hadi Agosti ndiyo miezi yake. Unaweza kusimama ufukweni, jua linawaka, anga halina hata wingu, na mbele yako mawimbi yanapiga mchanga kama ya Bahari ya Hindi. Mgeni hutazama anga akasema leo kuzuri. Mwenyeji hutazama maji.

Masika nayo ina yake. Bonde la Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kupita zote Tanzania, na Aprili ndiyo kilele. Mito inashusha tope, maji ya kando yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, radi inapiga, na wewe umekaa juu ya maji ukiwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyokuzunguka. Tena kipindi cha mvua ndicho mbasa wanapopanda mito kama Kiwira na Lufilyo kutaga. Kumvizia samaki mlangoni mwa mto akiwa na mayai tumboni ni kula mbegu. Wavuvi wazee wenyewe watakuambia mbasa wamepungua, na nyavu zinazotegwa midomoni mwa mito hawaachi kuzitaja.

Kwa hiyo baki na Septemba na Oktoba, pengine na wiki za mwanzo za Novemba kama mvua imechelewa. Ndani ya miezi hiyo angalia mwezi wa angani. Wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, hutoka usiku wa giza na taa, kwa sababu usipa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi na wengi hulala. Nenda siku za giza. Asubuhi utakuta usipa wabichi ufukweni, na huyo ndiye chambo chako.

Siku moja kabla

Panda gari la Kyela asubuhi. Uyole umevaa sweta, Tukuyu bado umelivaa unatazama mashamba ya chai yaliyofunikwa na ukungu, na ukianza kuteremka bondeni unalivua. Kikusya unaacha barabara ya mpakani, unashika ya Ipinda kwenda Matema. Migomba, mikokoa, majaruba ya mpunga, halafu ghafla mbele ya kioo unaona ukuta. Ni Milima ya Livingstone, inayosimama zaidi ya meta 2,000 na kuingiza miguu yake ziwani moja kwa moja. Ufike kabla ya saa 9 alasiri, kwa sababu bado una kazi tatu.

Ya kwanza ni ruhusa. Uvuvi nchini unaendeshwa kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na kuwa na mshipi mmoja tu hakukutoi kwenye sheria hiyo. Ulizia leseni kwa afisa uvuvi wa halmashauri, na ukifika ufukweni tafuta viongozi wa BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia rasilimali za uvuvi. Jitambulishe, sema unavua kwa ndoano, kwa siku moja, kwa chakula chako. Hao ndio watakaojua kwamba kuna mtu majini kesho, na hao ndio watakaokuja kukutafuta usipoonekana.

Ya pili ni mtumbwi na mwenyewe. Nasema na mwenyewe kwa sababu mtumbwi peke yake hautakusaidia. Tembea kando ya maji kuelekea mashariki hadi Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu, uulize mzee gani anaweza kwenda na mgeni asubuhi. Usianze na bei. Amkia kwanza. Kinyakyusa kidogo kinafungua mlango: "Ugonile," halafu unyamaze, acha wacheke lafudhi yako. Mimi mzee wangu nilimpata hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka Mbeya?"

"Ndiyo. Nataka kwenda kuvua kesho, kwa mshipi."

Akanitazama viatu. "Unajua kuogelea, au unajua kuoga?"

Patana kila kitu jioni hiyo: saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na samaki ni wa nani. Hilo la mwisho watu wengi hulisahau, likaja kuleta maneno ufukweni mbele ya watu.

Ya tatu, fanya majaribio jioni hiyo hiyo wakati maji yametulia. Mtumbwi wa Nyasa si kama mashua. Ni gogo moja, tumbo lake ni la mviringo, na mdomo wake ni mwembamba kiasi kwamba mtu mnene hauingii vizuri. Wenyeji huketi juu ya kingo na miguu ndani, wanapiga kafi kama wanaotembea. Wewe usiwaige. Piga magoti au keti chini kabisa, uzito uwe tumboni mwa mtumbwi, na mikono yako isipite ubavuni isipokuwa ina kafi. Ukitaka kuokota kitu nyuma, geuza kiuno, usiegemee. Ukiona unayumba, usishike kingo. Piga kafi moja taratibu ubapa kwenye maji, mtumbwi utatulia wenyewe.

Halafu upindue. Ndiyo, upindue kwa makusudi, maji yakiwa ya kiunoni, mzee akikutazama. Utajifunza kwamba gogo halizami hata likijaa, na kwamba kupanda tena kutoka majini ni kazi ya watu wawili. Dakika kumi za kuchekwa na watoto wa Lyulilo zina thamani kuliko ushauri wangu wote hapa.

Ukipata kayaki ya plastiki kwa wageni wa nyumba za kulala, itumie kama unaogopa gogo. Ni pana zaidi na inasamehe makosa. Ubaya wake ni wepesi: upepo ukija inapeperushwa kama karatasi, wakati gogo linabaki limelala kwenye maji kwa uzito wake.

Vya kubeba

Jaketi la kuokoa maisha ulinunue au uliazime Mbeya kabisa, ulivae tangu ufukweni. Lililofungwa nyuma ya mtumbwi halimwokoi mtu. Kopo la kukumbia maji, limefungwa kwa kamba kwenye mtumbwi. Sababu ya kamba nitaisimulia. Simu ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Kofia, shati la mikono mirefu kwa ajili ya mbu wa alfajiri na jua la baadaye, maji ya kunywa, ndizi mbili za kuchoma.

Upande wa uvuvi, mambo ni machache. Fimbo ya kuvulia yenye kikunjio inapendeza kwenye video, lakini ndani ya gogo inagonga kila kitu. Chukua mishipi miwili ya mkono iliyozungushwa kwenye vibao: mmoja mwembamba wa kuhimili kilo 4 au 5, mwingine wa kuhimili kilo 15. Ndoano ndogo, namba 8 na 10, na chache kubwa, namba 1; kumbuka kwenye ndoano namba ikipanda ndoano inapungua. Chubwi za risasi za uzito tofauti. Vijiko viwili vya kung'aa vyenye ndoano, vile vinavyozunguka vikivutwa. Waya wa mbele huhitaji kwa mbasa: ni wa ukoo wa samaki wasio na meno kinywani, meno yake yako kooni, kwa hiyo mshipi haukatwi. Kisu, kitambaa kizito cha kushikia samaki, na ndoo yenye mfuniko. Nanga usihangaike nayo, nitaeleza.

Saa 10 na nusu alfajiri

Amka. Baridi ya Mbeya haipo hapa, lakini kuna upepo mwembamba unaoshuka mlimani kwenda ziwani. Nchi kavu imepoa usiku kuliko maji, hewa inateremka. Huo upepo ni rafiki wakati wa kutoka. Kumbuka tu kwamba ukichoka unakusukuma nje, si ndani, kwa hiyo usiende mbali na mguu wa mlima.

Nenda zinakotua mitumbwi ya usipa. Utaona taa kwanza, zinakuja moja moja kutoka gizani. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri. Akina mama wameshafika na beseni. Nunua sahani moja ya usipa wabichi kabla hawajamwagwa vichanjani kukauka. Hapa nikupe onyo la lugha. Nilimwambia mama mmoja, "Naomba chambo," naye akanijibu chambo leo hamna, niende Malawi. Sisi kwa Kiswahili chambo ni cha kuwekea kwenye ndoano, lakini ng'ambo ya ziwa chambo ndilo jina la samaki wao mtamu kuliko wote, ndugu wa perege wetu. Alijua vizuri nilichotaka, alikuwa anajifurahisha tu. Nilipomwambia "ndaga fijo" akaniongezea kiganja kimoja.

Chagua usipa wazima, wanaong'aa, macho meusi. Waliopondeka hawafai, watatoka kwenye ndoano. Ongeza na donge la ugali mgumu la jana na nyungunyungu wachache kwenye kopo la udongo. Perege ni samaki anayekula vya mimea, usipa hawashughulikii sana.

Saa 12, kutoka

Hapa Matema ina zawadi ambayo sehemu nyingi za ziwa hazina. Milima iko mashariki, kwa hiyo jua linachomoza kwingine kote na ninyi bado mko kivulini. Maji yamelala kama mafuta, mwanga upo, lakini jua halijagusa. Samaki wanaokula alfajiri wanaendelea kula kwa muda mrefu zaidi. Tumia kila dakika ya kivuli hicho.

Elekea mashariki, ukifuata mguu wa mlima kuelekea Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi. Usiende magharibi. Magharibi kuna mdomo wa Lufilyo, matete mazuri ya kuvutia macho, na ndani ya matete hayo mamba na viboko. Nimeona watu wakitazama matete yale wakisema perege watakuwa mule. Wamo. Na anayewala yumo pia.

Piga kafi kwa mapigo mafupi, mkono wa juu usipite usawa wa pua. Kaa meta 10 hadi 20 kutoka kwenye miamba, karibu kiasi cha kuisikia. Ukichungulia chini utaona kwa nini watu husafiri kutoka Ulaya kuja kutazama maji haya: mawe makubwa kama nyumba, na samaki wa buluu na manjano wakigombana juu ya kila jiwe. Hao ni mbuna. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wa ukoo huo, wengi hawapatikani popote pengine duniani, na nchi za watu huwafuga kwenye matangi ya vioo. Watakuibia chambo mchana kutwa. Ukimnasa mmoja, lowesha mkono, mtoe ndoano, mrudishe. Nyama yake haizidi kidole.

Halafu piga kafi kumi kuelekea nje na uchungulie tena. Hakuna kitu, giza la buluu tu. Mlima ulivyosimama juu ndivyo unavyoendelea chini ya maji. Ndiyo maana nilisema nanga uiache. Kamba yako haifiki, na ikifika karibu na mwamba jiwe linakwama kati ya mawe na unalikata. Kelpu ya kulaza mapajani hakuna. Tunachofanya ni kumweka mmoja na kafi, mgongo kwa upepo, apige mara moja kila mtumbwi unapotaka kuondoka, na mwingine avue. Mnabadilishana. Kwenye vijanda, vile vighuba vidogo vyenye mchanga na matete machache, mbali na mito, unaweza kushika fungu la matete ukalifunga kwa kamba nyepesi yenye fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Usifunge fundo la mbuzi. Kiboko haombi njia, na utataka kuondoka haraka kuliko vidole vinavyoweza kufungua.

Kuvua kwenyewe

Anza na perege wakati wa kivuli, kwenye vile vijanda vya mchanga. Ndoano namba 8, risasi ndogo sana, donge la ugali ukubwa wa harage. Shusha hadi iguse chini, inua shubiri moja, subiri. Perege hapigi kama mwizi. Utahisi mshipi umekuwa mzito kidogo, kama umegusa jani, halafu wepesi, halafu mzito. Ukivuta mara ya kwanza unamkosa. Hesabu moja, mbili, ndipo uinue kiganja, bila kunyakua.

Ukimpandisha, mfungue kinywa kabla hujafurahi. Perege jike wa ziwa hili hubeba mayai na watoto wake kinywani hadi waweze kujitegemea. Ukiona mdomo umejaa vitu vya manjano, au vijisamaki vinamwagika ndani ya mtumbwi, mrudishe sasa hivi, pale pale ulipomtoa. Mzee wangu alimrudisha mmoja mkubwa kuliko wote tuliopata siku hiyo, akawachota watoto waliomwagika kwa kopo la kukumbia na kuwamimina nyuma yake. Hakusema kitu. Jamaa wangu alitaka kulia, maana ndiye aliyemvua.

Jua likianza kumulika vilele vya upande wa pili, achana na perege. Sasa ni zamu ya mbasa, na kwangu hii ndiyo safari yenyewe.

Mbasa ni samaki mrefu wa fedha, magamba madogo, mkimbiaji, anayewinda usipa katika maji ya wazi. Humfuati kwa kusubiri. Unarambaza: unaachia mshipi mzito nyuma ya mtumbwi, kama meta 30 hadi 40, mwisho wake kijiko cha kung'aa au usipa aliyetobolewa kupitia macho, na unapiga kafi ukifuata ukingo ule ambapo mwamba unaisha na giza linaanza. Mwendo uwe wa mtu anayetembea akienda sokoni bila haraka. Kila mapigo ishirini simama pigo moja, kijiko kizame kidogo, kisha endelea. Mara nyingi hapo ndipo anapopiga, pale kinapoamka tena.

Mshipi uweke wapi? Wenyeji wengine huupitisha kwenye kidole gumba cha mguu, na utatamani kufanya hivyo kwa sababu unaonekana wa kitaalamu. Usifanye. Samaki wa kilo tatu akikimbia ghafla, mtumbwi ukiwa gogo, mguu wako ndio unaovutwa upande. Upitishe chini ya goti ulilolikunja, kibao kikiwa mapajani, ili ukivutwa uachie tu.

Na usirambaze upofu. Tazama ndege. Mnandi wakiwa wamekaa juu ya mawe wanaanika mabawa, hakuna kinachoendelea. Wakiwa wanazama kundi zima mahali pamoja, usipa wako pale, na chini ya usipa kuna mwingine anayewasukuma juu. Usiingie katikati ya kundi, utawatawanya. Pita pembeni, kijiko ndicho kipite ukingoni mwa kundi. Siku nyingine utaona mbali ziwani nguzo za moshi zinapanda toka majini hali hakuna moto. Ni wadudu wadogo wa ziwa, mamilioni, wanaozaliwa na kuruka pamoja. Wakija upande wako, funga mdomo.

Mbasa akishika, acha aende. Mpe mshipi kwa msuguano wa vidole kwenye kitambaa, mwenzako aelekeze ncha ya mtumbwi kwa samaki ili akivuta awavute mbele wala si ubavuni. Atakimbia mara mbili, pengine tatu. Mbio ya mwisho huja akiuona mtumbwi, na ndipo wengi humpoteza kwa kuwa wameshaanza kushangilia. Mlaze pembeni, mshike nyuma ya matamvua kwa kitambaa, mwingize kichwa kwanza.

Kambale akija, na atakuja siku utakayoacha chambo chini kwa muda mrefu, jihadhari na miiba ya mapezi ya kifuani. Mshike kutoka nyuma ya miiba, vidole viwili kila upande.

Saa 4: geuza

Kufikia hapa utakuwa unafurahia sana, na hapo ndipo hatari ilipo. Nchi kavu imeanza kupata joto, ule upepo wa kutoka mlimani umekufa, kuna utulivu wa ajabu wa kama nusu saa. Wageni huuona utulivu huo kama mwaliko. Ni pumzi tu kabla upepo haujageuka. Tazama kusini: ukiona mstari mweusi kwenye maji, kama mtu amechora kwa kalamu ya risasi, upepo umeshafika pale, na ninyi mna dakika chache. Dalili nyingine ni mitumbwi ya wenyeji. Ikianza kurudi yote bila mtu kuita, nawe rudi.

Safari yangu ya tatu nilikuwa nimeshajiona mvuvi. Nilitoka peke yangu, mtumbwi wa mzee, nikapata mbasa mmoja saa 4 kasoro, nikataka wa pili. Mstari niliuona. Nikajiambia nipite mara moja tena kwenye mwamba. Wimbi la kwanza lilinipita chini, la pili likaingia ndani, na nilipoinama kutafuta kopo nikatoa uzito wangu nje ya mtumbwi. Hayo yalitosha. Samaki, kisu, mshipi na simu viliteremka kule kusikoonekana chini. Nilishikilia gogo kwa karibu saa nzima, nikipiga miguu kuelekea kijanda cha mchanga, jaketi likinishika kidevuni. Mzee alikuwa amesimama ufukweni na watu wawili wakisukuma mtumbwi mwingine kunifuata. Aliponiona nasimama, alinitazama juu hadi chini, akauliza, "Kopo langu liko wapi?"

Ndiyo maana ya ile kamba.

Mkipinduka, basi, usiuache mtumbwi hata kama ufuo unaonekana karibu. Majini karibu si karibu. Mmoja kila ncha, uelekezeni kwenye mchanga, msiupeleke kwenye miamba, maana wimbi litawasaga baina ya jiwe na gogo. Ukifika maji ya kifuani, utikiseni mbele na nyuma maji yamwagike, mkumbe yaliyobaki. Vitu vilivyoelea viacheni.

Ufukweni

Vuteni mtumbwi juu, mlipe mzee kabla hujaanza kupiga picha, na mpe samaki wake mliyepatana.

Kama ni Jumamosi, Lyulilo kuna soko la vyungu vya Wakisi, ile kazi ya udongo mwekundu wenye michoro ya rangi nyepesi. Nunua kimoja. Nilikuwa nadhani ni vya mapambo mpaka niliponyamazishwa na mchuzi.

Mbasa ana miiba mingi membamba ndani ya nyama, na hii ndiyo sababu watu wa mjini humkataa mara ya kwanza. Dawa yake ni kisu. Mpare magamba, mtoe utumbo, kisha mchanje ubavuni toka mgongoni hadi tumboni, mistari ya karibu karibu, upana wa nusu kidole, pande zote mbili. Miiba inakatika vipande vifupi, na mafuta ya moto au makaa yanaimaliza. Chumvi, ndimu, makaa ya taratibu, ngozi chini kwanza. Perege yeye muweke kwenye chungu na nyanya, kitunguu na pilipili, asikorogwe. Wali wa mchele wa Kyela pembeni, hapo sina la kuongeza.

Jambo la mwisho ni kichocho. Kipo ziwani, kinatokana na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi ya saa 4 hadi alasiri. Kwa hiyo yule mtu anayerudi saa 5 halafu akashinda anaogelea kwenye matete yaliyotulia amekwepa upepo akakumbatia konokono. Hutahisi kitu siku hiyo, na kupima kesho yake hakusaidii, kwani minyoo bado haijakomaa. Kabla hujapanda gari la kurudi Mbeya, fungua kalenda ya simu, hesabu wiki 8 mbele, uandike siku ya kwenda kupima. Dawa yake ni prazikwanteli, na hospitali watakupa dozi kulingana na uzito wako.